Wageni Waliokuja Kuhesabu Mikoko

Gazi, ratiba ya kazi hupangwa na mwezi. Maji yakipwa alfajiri, watu huingia mikokoni alfajiri. Yakipwa saa nane mchana, jua la kuchoma utosi, basi ni saa nane hiyo hiyo. Mgeni aliyetoka Edinburgh au Boston hulijua hilo siku ya kwanza. Jambo la pili analolijua ni kwamba tope la mikokoni halichagui kiatu: ukikifunga ovyo, mguu hutoka na kiatu hubaki. La tatu ni harufu, ile ya mayai viza inayofuka kila unyayo unapochomoka. Wageni wengi hukunja pua. Wanasayansi waliowaita hufurahi, kwa sababu harufu hiyo ni dalili kwamba chini pale hakuna oksijeni, na pasipo oksijeni mizizi iliyokufa huoza polepole mno. Kaboni iliyomo hukaa ardhini mamia ya miaka.

Gazi ni kijiji cha wavuvi katika kaunti ya Kwale, kusini mwa Mombasa, kilomita 50 na ushei kwa barabara ya Lunga Lunga. Wenyeji wengi ni Wadigo, Waislamu, watu wa bahari na minazi. Wapenda historia wanakijua kwa Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui, aliyekuwa na makao hapa na aliyewasumbua Waingereza katika vita vya 1895 na 1896. Siku hizi wanaokitaja kijiji hiki ng'ambo hawamtaji Mbaruk. Wanataja hekta zipatazo 600 za msitu zilizojificha nyuma ya rasi ya Chale: mkoko wenyewe, mkandaa, mchu, mlilana, mkomafi, muia ambao Tanzania wengi huuita msinzi, na jamaa zao wengine.

Msitu huo uliwahi kupigwa vibaya. Katika miaka ya 1970 ulikatwa kwa wingi kuwa kuni za viwanda vya chokaa na matofali, juu ya boriti za kujengea ambazo watu wa pwani wamezikata tangu enzi na enzi. Biashara ya boriti ilikuwa kongwe na yenye heshima zake. Majahazi ya Omani na ya Ghuba yalishuka na kaskazi, yakarudi na kusi yakiwa yamesheheni boriti za Lamu na za delta ya Rufiji, na upana wa vyumba vya nyumba za mawe, huku na huko, ulifuata urefu wa boriti. Kenya ilipiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Kwa sehemu za Gazi marufuku hayo yalikuja maji yamekwisha mwagika: upande wa bahari, palipokuwa na miti, pakabaki mchanga mtupu, na mikoko haikurudi yenyewe hata baada ya wakataji kuondoka.

Mwaka 1991 mtafiti Mkenya, James Kairo, alianza majaribio ya kupanda upya pamoja na wanakijiji. Kairo ndiye ambaye baadaye aliongoza utafiti wa mikoko katika KMFRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari na uvuvi. Miaka ya 2000 ilipoanza alipata mwenzake kutoka mbali, Mark Huxham wa Chuo Kikuu cha Edinburgh Napier, Uskoti. Wawili hawa walikuwa na maswali mengi na mikono michache. Mikono ikaja kwa njia ambayo kijiji hakikuitarajia.

Shirika la Earthwatch lilianzishwa Boston mwaka 1971 kwa wazo moja la ajabu: mtu wa kawaida, asiye na shahada yoyote ya sayansi, atalipa fedha zake ili akamsaidie mtafiti kazini, na malipo yake ndiyo yatakayoendesha utafiti. Ndiyo, analipa. Ananunua tiketi ya ndege, analipia chakula na kitanda, anachangia vifaa, kisha anaamka alfajiri kuzama kwenye tope hadi magotini, na kwa siku kumi au kumi na nne hizo anaziita likizo. Mwenyeji akielezwa hesabu hii kwa mara ya kwanza huuliza tena, akidhani kuna neno halikusikika sawasawa. Lakini ndivyo walivyofika Gazi, kundi baada ya kundi, katika mradi uliopewa jina la misitu ya maji kujaa na kupwa ya Kenya.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, walisema wahenga. Hawa walitaka jembe kabla hawajafungua mizigo. Tatizo ni kwamba mikokoni jembe halina kazi.

Mbegu ya mkoko huota ikiwa bado juu ya mti. Hurefuka ikaning'inia, kijani, nzito upande wa chini, mpaka iive na kudondoka. Anayetaka kuipanda huichagua iliyokomaa, isiyotobolewa na wadudu, akaichomeka kwenye tope kwa mkono, theluthi hivi ya urefu wake ikiingia ardhini. Basi. Mtoto wa miaka sita anaweza, na watoto wa Gazi wanaweza kuliko wageni, maana wao hawazami. Aina nyingine ni ngumu zaidi: mbegu za mlilana ni ndogondogo ndani ya tunda, miche yake lazima ilelewe kitaluni kabla ya kupelekwa kwenye ukingo wa bahari, mahali penye mawimbi na mchanga unaohamahama. Hata hivyo, kama kazi ingekuwa kupanda tu, wageni wangeweza kubaki kwao na kutuma nauli. Wanakijiji wangepanda mara kumi ya idadi ile, kwa nusu ya muda, bila mtu kupoteza kiatu.

Kilichokuwa kigumu ni kuhesabu.

Msitu hupimwa kwa viwanja vidogo vya mraba. Kamba huvutwa kati ya mizizi inayopanda na kushuka kila upande, pembe nne huwekewa alama, kisha kila mti uliomo ndani hupimwa: kipenyo cha shina, urefu, aina yake, uko hai au umekauka. Kwa mti wa kawaida kipenyo huchukuliwa usawa wa kifua. Kwa mkoko usawa wa kifua mara nyingi ni mizizi mitupu, kwa hiyo tepu huzungushwa juu ya mzizi wa mwisho, na mpimaji huenda akawa amesimama juu ya mzizi mwingine, mbu wakimla shingo, akimpazia sauti mwenzake mwenye kalamu ya risasi na karatasi isiyolowa. Miche huhesabiwa mmoja mmoja. Bomba la chuma hukandamizwa kwenye tope na kutolewa na kipande cha ardhi kizima, cheusi, ambacho hukatwa na kufungwa kwenye mifuko ili kikapimwe kaboni yake maabara. Kesho yake kazi ni ileile, kiwanja kingine. Wiki ijayo ileile. Mwaka ujao, pale pale, miti ileile yenye vibati vyake, kuona nani ameongezeka sentimita na nani amekufa.

Hakuna anayepiga picha ya kazi hii akaitundika ukutani. Ni kazi ya kuchosha, na mtafiti mmoja na wasaidizi wawili wangeifanya kwa miaka na mikaka. Watu kumi wenye ari, hata wakiwa wabovu mwanzoni, huimaliza kwa maji ya siku chache, mradi awepo mtu wa kuwasahihisha. Huko Gazi wasahihishaji walikuwa wenyeji: mafundi wa KMFRI na vijana wa kijiji waliojua mchu na mkandaa kwa mbali, kwa rangi ya jani na umbo la gome. Ualimu ulikwenda upande usiotarajiwa na wengi. Mstaafu aliyeendesha kampuni kwao alikuwa akifundishwa na mvuvi mahali pa kukanyaga.

Mambo mengine yaliyotoka katika viwanja hivyo ni ya kushangaza hasa. Mwaka 2014 watafiti wa KMFRI na wenzao walichapisha matokeo ya jaribio ambalo miti ya viwanja vichache vya Gazi ilikatwa au kubanduliwa gome ili ife, huku viwanja vya jirani vikiachwa. Ardhi ya palipouawa miti ilianza kuzama upesi. Penye miti hai iliendelea kuinuka kidogo kidogo, milimita kwa milimita. Kwa kijiji kilichoko kando ya bahari inayopanda, tofauti hiyo si ya kitabuni. Mkoko unajenga ufuo unaousimamia.

Nje ya Gazi, historia ya watu wanaosafiri kwenda kupanda miti imejaa makaburi ya miche.

Baada ya tsunami ya Desemba 2004, fedha na watu wa kujitolea walimiminika katika nchi za Bahari ya Hindi, na mikoko ikawa kipenzi cha kila mfadhili. Sri Lanka walipanda kwa bidii. Mwaka 2017 watafiti walichapisha ripoti ya kukagua maeneo 23 ya miradi hiyo. Kati ya hekta 1,000 hadi 1,200 zilizopandwa, zilizofanikiwa zilikuwa 200 na ushei. Maeneo 9 hayakuwa na mche hata mmoja ulio hai, na ni matatu tu yaliyovuka nusu ya miche kupona. Ufilipino, ambako kupanda mikoko kuna historia ndefu zaidi, hadithi inafanana. Miche ilichomekwa kwenye tope tupu la mbele, karibu na bahari, ambako maji hukaa muda mrefu kuliko mkoko unavyoweza kuvumilia.

Kwa nini pale? Kwa sababu pale hapana mwenyewe. Sehemu za juu zaidi, zinazofaa mikoko, zilikuwa zimegeuzwa mabwawa ya kufugia kamba na samaki, zina hati na zina wakubwa. Tope la mbele halina mgomvi, ni jeupe kwa kamera, na mkoko wenye mbegu ndefu ni rahisi kuchomeka hata kama si mti wa mahali hapo. Kundi la wageni likipewa siku mbili na mbegu 5,000, watazichomeka zote na kuondoka na furaha ya kweli. Hawatakuwepo maji ya bamvua yatakapokuja. Mmarekani Robin Lewis, aliyeitumia miaka mingi kufufua mikoko ya Florida, alikuwa akisisitiza kwamba mara nyingi hakuna haja ya kupanda kabisa: rudisha njia ya maji iliyozibwa, na mbegu zitaletwa na bahari yenyewe. Lakini nani atasafiri saa kumi na mbili kwa ndege ili akazibue mtaro?

Ugonjwa huu si wa wageni peke yao. Novemba 13, 2023 Kenya ilitangaza sikukuu ya taifa ya kupanda miti, lengo la siku hiyo likiwa miche milioni 100, sehemu ya mpango wa miti bilioni 15 ifikapo 2032. Mawaziri walitawanyika kila kaunti, mashimo yalikuwa yamechimbwa, runinga zilikuwepo. Idadi ya miche iliyopandwa hutangazwa jioni hiyohiyo. Idadi ya iliyopona haina sikukuu yake. Wangari Maathai aliuona mtego huu mapema: vuguvugu lake la Green Belt, lililoanza 1977, liliwapa akina mama malipo madogo kwa miche iliyoshika, si kwa iliyotiwa shimoni. Ni kanuni ndogo ya uhasibu, nayo hubadilisha kila kitu, maana mama anayelipwa kwa mche ulio hai hatausahau kiangazi kikianza.

Mfano wa mgeni aliyeshindwa kupanda, na kushindwa kwake kukazaa kitu kikubwa, uko Niger. Tony Rinaudo, Mwaustralia, alikwenda Maradi mwanzoni mwa miaka ya 1980 pamoja na mkewe kufanya kazi ya kimisheni na maendeleo. Alipanda miti. Ikafa. Akapanda tena, mingi ikafa tena, na wakulima wakamwona mzungu aliyerukwa na akili, anayewataka watu wenye njaa wapande miti katika mashamba ya mtama. Mwaka 1983, akiwa njiani na gari lililobeba miche, alisimama kupunguza upepo kwenye magurudumu ili yapite mchangani, akakiangalia vizuri kichaka kilichokuwa kando. Jani lake lilikuwa jani la mti. Kilikuwa chipukizi la kisiki kilichokatwa, na kote alikotupa jicho vichaka vilikuwa hivyohivyo. Msitu ulikuwa chini ya ardhi, mizizi ikiwa hai, ukifyekwa kila msimu na watu walioudhani magugu. Kazi ikawa kuchagua machipukizi bora, kupogoa mengine, na kuyalinda yasiliwe wala kukatwa. Mbinu hiyo ilienea kutoka mkulima hadi mkulima, na leo inakadiriwa kwamba zaidi ya hekta milioni 5 za mashamba ya Niger zimerudiwa na miti. Mwaka 2018 Rinaudo alipewa tuzo ya Right Livelihood.

Wasomaji wa Dodoma wataitambua mbinu hiyo, kwa sababu kwao ina jina zuri kuliko la Niger: Kisiki Hai. Shirika la LEAD Foundation limekuwa likiieneza katika vijiji vya mkoa huo, likishirikiana na Justdiggit la Uholanzi. Huko hakuna miche ya kununua wala kitalu cha kumwagilia. Kuna kisiki cha mtu shambani kwake, na uamuzi wake wa kukiacha kiwe mti.

Rinaudo alikaa Niger zaidi ya miaka kumi na tano. Hapo ndipo anapoachana na mgeni wa wiki mbili, na hapo pia ndipo swali la Gazi linapokuwa gumu. Mtu ambaye hatakuwepo kiangazi kijacho anaweza kuacha nini cha maana?

Jibu la Gazi lilikuwa kwenye madaftari. Miaka ya vipimo ilikuwa imekusanya kitu ambacho vijiji vichache vya pwani yoyote ya Afrika vilikuwa nacho: takwimu za kuaminika za msitu wao, kwa kila aina ya mti, kiasi cha kaboni kilichomo mitini na ardhini, kasi ya kukua, kasi ya kupotea. Wakati huo huo dunia ilikuwa inaanza kuielewa thamani ya tope. Mwaka 2011 utafiti wa misitu ya mikoko katika eneo la bahari za Hindi na Pasifiki ulikuta wastani wa tani 1,000 hivi za kaboni kwa hekta, sehemu kubwa ikiwa ardhini, kiasi kinachozidi kwa mbali misitu mingi ya nchi kavu. Na Sheria ya Misitu ya Kenya ya 2005 ilikuwa imefungua mlango kwa vyama vya jamii kutia saini mikataba na serikali ya kusimamia msitu pamoja.

Vitu hivyo vilipokutana, ukazaliwa mradi wa Mikoko Pamoja, ulioidhinishwa mwaka 2013 chini ya kanuni za Plan Vivo, shirika lenye makao Edinburgh. Ulitajwa kuwa wa kwanza duniani wa jamii kuuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko. Eneo lake si kubwa: hekta 117, kati yake 107 za msitu wa asili na 10 za mikoko iliyopandwa. Vijiji viwili, Gazi na Makongeni, vinaahidi kuilinda sehemu hiyo isikatwe, na kupanda kiasi cha hekta 0.4 kila mwaka, yaani miche 4,000. Kwa ulinzi huo wanauza kiasi cha tani 3,000 za hewa ya ukaa kwa mwaka, kwa mkataba wa miaka 20.

Angalia uwiano huo. Sehemu kubwa ya mauzo hutokana na miti ambayo hakuna aliyeipanda, ila imeachwa isimame. Miche 4,000 inayoingia ardhini kila mwaka, ile ambayo wageni wangependa kupigwa picha nayo, ndiyo sehemu ndogo ya hesabu. Mzigo mkubwa unabebwa na walinzi wa msitu wanaozunguka kuangalia kama kuna shina jipya lililokatwa, pamoja na watu waliokubali kutafuta boriti kwingine. Ndiyo maana mradi ulipanda pia mivinje nchi kavu, zipatikane kuni na miti ya kujengea bila kuingia mikokoni. Ukimzuia mtu kukata bila kumwonyesha pa kukata, umemhamishia tu kwenye msitu wa jirani.

Fedha zilizoingia katika miaka ya mwanzo zilizidi kidogo dola 10,000 za Marekani kwa mwaka. Kwa mfuko wa hali ya hewa wa dunia hizo ni za chai. Kwa vijiji viwili zilikuwa maji ya bomba, vitabu vya shule na ukarabati wa madarasa, vitu vilivyochaguliwa katika mikutano ya wanakijiji wenyewe, ambako kelele zilikuwa nyingi kama mkutano wowote wa kijiji unaojadili fedha. Mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Kando yake kikundi cha akina mama kina daraja lake la mbao linalopita juu ya mikoko. Wageni hulipa kiingilio, hutembea bila kuchafuka, na wakiagiza mapema hula samaki na wali wa nazi. Kwa kipimo cha mapato kwa kila kilo ya tope, hao pengine ndio wajanja kuliko wote.

Kuna mambo ya kuusumbua moyo, na si haki kuyapita kimya. Mtu anayetoka Uingereza hadi Kenya na kurudi hutoa zaidi ya tani moja ya hewa ya ukaa kwa kiti chake tu ndegeni. Kundi la watu kumi, kwa hiyo, hula sehemu ya kile msitu unachouza kabla hata hawajashuka. Wanaotetea safari hizi husema fedha na vipimo vilivyopatikana vilizidi gharama hiyo, na kwa Gazi inaelekea ni kweli, kwa sababu kulikuwa na utafiti wa kweli nyuma yake. Kwa kambi nyingi zinazotangazwa kwa vijana wa Ulaya waliomaliza shule, picha za machweo zikiwa nyingi kuliko maelezo ya kazi, ni vigumu kusema hivyo. Anayefikiria kulipia safari ya namna hiyo angefanya vyema kuuliza miche ya miaka mitatu iliyopita iko wapi, na nani analipwa kuitunza. Mradi usio na jibu la haraka kwa maswali hayo una jibu tayari.

Jingine ni kwamba safari hizi ni za upande mmoja. Uskoti, kwenye chuo cha Huxham, ni miongoni mwa nchi za Ulaya zilizofyeka misitu yao karibu yote, na leo ina watu wake wa kujitolea wanaojaribu kuirudisha. Shirika la Trees for Life lilinunua shamba la Dundreggan, karibu na Loch Ness, mwaka 2008. Huko watu hupanda misonobari ya asili na kuizungushia ua ili kulungu wakubwa wa milimani wasiitafune, na hulala katika nyumba za wageni wakiwa na miguu iliyolowa na hadithi za mvua. Adui hapo ni mnyama badala ya wimbi, lakini shida ni ileile: kupanda ni asubuhi moja, kulinda ni maisha. Kijana wa Gazi aliyelelewa kwenye vitalu na viwanja vya vipimo angekuwa na mengi ya kuwafundisha. Viza, nauli na taarifa za benki za miezi sita vinahakikisha kwamba hafiki. Neno la kujitolea nje ya nchi limeachwa, kimyakimya, liwe la wenye pasipoti fulani.

Kilichovuka mipaka kwa urahisi zaidi ni ujuzi wa jirani kwa jirani. Kusini zaidi mwa Gazi, ukikaribia mpaka wa Tanzania, vijiji vya Vanga, Jimbo na Kiwegu vimeanzisha mradi wao, Vanga Blue Forest, kwa mfano uleule na kwa mikoko ya hekta 460, karibu mara nne ya ile ya Mikoko Pamoja. Vipimo vilihitajika tena, viwanja, tepu, mabomba ya tope. Safari hii hapakuwa na haja ya kusubiri kundi la kutoka Boston: KMFRI ilikuwa na mafundi wake, na Gazi ilikuwa na miaka ya makosa na mafanikio ya kuwasimulia wenzao, pamoja na namna ya kuendesha mkutano wa kugawa fedha bila kuvunja urafiki.

Wageni hawakutoweka, ila wamebadilisha kazi. Hewa ya ukaa ya Gazi na ya Vanga inauzwa kupitia ACES, shirika dogo la hisani lililosajiliwa Uskoti na linaloendeshwa na watu wa kujitolea. Wao hutafuta wanunuzi, hujibu barua, huandaa hesabu na ripoti za kila mwaka, na kuzituma fedha Kwale. Kazi hiyo hufanyika mezani, jioni, baada ya saa za ajira zao, bila tiketi ya ndege.